Barakoa Zitembeazo

Zamani baadhi ya wanawake wa pwani, hasa wenye asili ya Oman, walivaa barakoa, yaani kifuniko cha uso kilichoachiwa matundu ya macho. Kifuniko kile kilikuwa na kazi mbili: kuficha na kuonyesha. Mafundi wa picha zitembeazo nao wana barakoa yao, na kazi yake ni hizo hizo mbili. Mimi hupata riziki yangu kwa barakoa za namna hii, nami naona kuwa zina mafunzo yamfaayo hata asiyezishika.

Barakoa ya kompyuta ni mstari uliofungwa, ulioshikiliwa na nukta kama uzi uliopitishwa katika vigingi. Kilichomo ndani ya mstari huonekana, na kilicho nje hufichwa. Au fundi akitaka, huwa kinyume chake. Wazo hili si geni. Katika filamu iitwayo The Great Train Robbery ya mwaka 1903, sehemu ya dirisha iliachwa bila nuru, kisha treni ikapigwa picha mahali pale pale, ikaonekana kama ipitayo nje. Mwaka 1915 Max Fleischer, mchoraji wa Marekani, aliomba hataza ya chombo cha kufuatishia umbo la mtu katika filamu, picha baada ya picha. Programu ya After Effects ilipotokea mwaka 1993, kazi ya namna hii ilizidi kuhama kutoka mezani kwenda katika kioo cha kompyuta.

Tazama wingi wa kazi yenyewe. Katika runinga ya kwetu sekunde moja hubeba picha 25. Sekunde kumi, basi, ni picha 250. Fundi hazichori zote. Huchora chache zilizo muhimu, ambazo huitwa fremu kuu, na kompyuta hujaza zilizobaki kwa kuisogeza kila nukta kutoka fremu kuu moja hadi nyingine. Msaada huu ni mkubwa, lakini ni msaada wa mtumishi asiye na macho. Kompyuta haijui uso wala mkono; hujua nukta tu.

Ndiyo maana barakoa huharibika, na aghalabu kwa sababu zinazojulikana. Pengine fundi hakuiamuru programu iweke kumbukumbu ya mabadiliko, basi akirekebisha mahali pamoja, umbo hubadilika kila mahali. Pengine nukta ya kwanza ya umbo la awali hailingani na nukta ya kwanza ya umbo lifuatalo, na barakoa ikajisokota njiani kama nguo ikamuliwayo maji. Pengine barakoa moja imelazimishwa kuufuata mwili mzima, hali kichwa chaenda huku na mkono kule. Hapo dawa ni kukipa kila kiungo barakoa yake. Na pengine fundi mwenye hofu amejaza fremu kuu katika kila picha, ukingo ukatetemeka kama mtu mwenye homa. Uchache hudhuru, na wingi hudhuru pia.

Mwaka mmoja niliitwa kumalizia filamu iliyoanzwa na fundi mwingine. Ndani yake mtoto aliyedhulumiwa alisimulia mambo yaliyompata, naye alikuwa ameahidiwa kuwa uso wake hautaonekana. Nilipoichezesha filamu kwa mwendo wa kawaida sikuona ila. Nilipoipitisha picha moja moja, niliona kuwa mtoto alipogeuka kumtazama mama yake, barakoa ilichelewa nyuma. Katika picha tatu jicho na shavu vilikuwa wazi.

Mwenye filamu alikuwa na haraka. "Picha tatu ni nini, fundi?" aliniuliza. "Hata kufumba na kufumbua ni zaidi. Watu wataka kazi yao kesho asubuhi."

"Bwana," nilimjibu, "mtazamaji wa leo aweza kuisimamisha picha popote apendapo kwa kidole kimoja. Picha moja ikisimama, uso huo hauna tena pa kujificha. Mtoto huyu arudi kijijini kwake akiwa na nini?"

Alinyamaza, kisha akavuta kiti akaketi.

Nilizichunguza fremu kuu mbili, ya kabla ya kugeuka na ya baada yake. Zote mbili zilikuwa sahihi. Hesabu ya nukta ilikuwa sawa, na nukta za kwanza zililingana. Kosa lilikaa kati yao. Kichwa cha mtu huanza kugeuka polepole, hushika kasi, kisha hutulia. Kompyuta iliigawa safari hiyo kwa hatua zilizo sawa. Niliweka fremu kuu katikati, palipokuwa na kasi, na nyingine kabla ya kutulia. Kisha niliipanua barakoa kidogo kuliko uso, kwa kuwa kifuniko cha kulinda mtu hakifai kumbana. Baada ya hapo tuliipitia filamu yote, picha kwa picha, hata usiku ukawa mkubwa. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 yampa mtoto haki ya faragha. Lakini haki hiyo, katika chumba kile, ilitegemea nukta chache na subira ya watu wawili.

Vijana msomao, mtapewa kazi nyingi ambazo mwanzo wake ni mzuri na mwisho wake ni mzuri. Msiridhike na ncha hizo mbili. Pimeni katikati, mahali ambapo hakuna aliyetazama, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ziko nyufa ambazo zikishapitisha jicho la mtu, ukuta hausaidii tena.