Breki ya Mkono ni Amana



Ndugu wasomaji, leo twataka kuwasimulia kosa letu wenyewe, si la mtu mwingine, lipate kuwa zindusho kwa kila nyumba yenye gari kuukuu. Huenda baadhi yenu mkastaajabu kumwona mwalimu wa chuo akiandika habari za breki. Lakini dini yetu haikuacha jambo lolote linalogusa roho za watu, na gari lisiloshikwa hugusa roho za watu.

Chuo chetu kipo Shinyanga. Muumini mmoja, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, alikitolea wakfu gari lake dogo, Toyota Corolla ya zamani, liwachukue watoto wanaotoka mbali. Breki yake ya mkono ilikuwa dhaifu tangu siku tuliyolipokea, nasi tulijua. Lakini Shinyanga ni nchi ya mbuga, tambarare. Gari ukilisimamisha husimama papo hapo hata usipolishika. Basi ardhi ikatufichia aibu ya gari letu, kama raha inavyomfichia mtu uchache wa subira yake. Kila tulipopata fedha kidogo tulisema, "Breki itangoja." Mara tukanunua mikeka, mara tukapaka ukuta chokaa.

Onyo tulilipata mapema. Kabla ya daraja la Kigongo na Busisi kufunguliwa mwezi wa Juni 2025, safari zetu za Geita zilikuwa za kuvuka ziwa kwa kivuko. Chomboni tuliagizwa tukaze breki ya mkono. Sisi tuliuvuta ule mkono kwa kuonekana tu, kisha tukamtuma mtoto ateremke aweke jiwe nyuma ya gurudumu. Daraja lilipofunguliwa tulifurahi mara mbili: kwa ajili ya safari kuwa fupi, na kwa ajili ya kutoulizwa tena habari ya breki. Tazameni jinsi nafsi inavyoweza kumhadaa mtu!

Ikawa katika Mfunguo Sita wa mwaka huohuo tulialikwa Geita katika Maulidi. Tulichukua watoto watano wa kusoma. Tukapita Usagara, tukavuka daraja, tukapita Sengerema, tukafika salama. Geita ni mji wa vilima. Nyumba ya mwenyeji wetu ilikuwa mahali palipoinuka, na chini yake palikuwa na uwanja ambao akina mama walikuwa wakipikia. Betri ilikuwa imechoka, nasi tukachelea kuzima injini. Tukaliacha gari likinguruma, gia ikiwa huru, tukavuta breki ya mkono, tukaingia ndani kuamkiana. Watoto wanne walishuka. Wa tano, aliye mdogo kuliko wote, alikuwa amelala kiti cha nyuma.

Hatujamaliza kujibiwa salamu tukasikia ukelele. Kutoka nje, gari lilikuwa likirudi nyuma polepole, kisha si polepole, likielekea kwenye mafiga. Kijana mmoja alinyakua gogo la kuni akalitupa nyuma ya gurudumu. Gari lilipanda juu ya gogo, likayumba, likasimama hatua chache kutoka kwenye masufuria. Akina mama walikuwa wamekwisha kukimbia. Mtoto aliamka, akachungulia dirishani, akauliza, "Maalim, tumefika?"

Hatukuwa na jibu. Ulimi wetu ulitamka tu kwamba hiyo ni kudura ya Mungu. Bibi mmoja mtu mzima, mwiko ungali mkononi, akatuambia kwa adabu, "Kudura twaiamini sote, Maalim. Lakini hiyo breki je?"

Neno lile lilituchoma, kwani kila mwaka twawasomesha watoto habari ya yule bwana aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake huru huku akimtegemea Mungu, naye akaamrishwa kwanza amfunge, kisha ndipo ategemee. Sisi tulikuwa tumemwacha ngamia bila kamba, na mtoto wa watu yuko mgongoni.

Siku ya pili mwenyeji wetu alimwita fundi kijana. Akatuamkia, nasi tukamwambia, "Mwanetu, tukazie waya tu, tuna safari." Fundi akauvuta ule mkono huku akihesabu milio yake: ka, ka, ka, mpaka 14. Akasema, "Maalim, magari madogo mengi ya namna hii hutakiwa yashike kati ya mlio wa 5 na wa 9, idadi yake hasa imo katika kitabu cha gari. Hili limepita mno. Lakini waya nikiukaza leo, nitakuwa nimeuficha ugonjwa. Tutazame ndani kwanza."

Alilipeleka gari mahali tambarare, akazuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akashusha mkono wa breki, kisha akainua nyuma kwa jeki na kuliegemeza juu ya vyuma imara. Alipofungua ngoma za magurudumu ya nyuma hakuruhusu mtu apulize vumbi, kwa kuwa vumbi la breki, hasa za zamani, laweza kudhuru kifua. Alilifuta kwa kitambaa kibichi. Ndipo tukaona wenyewe. Upande wa kushoto, viatu vya breki vilikuwa vimelika karibu kufika chuma. Upande wa kulia, silinda ndogo ya gurudumu ilikuwa ikivuja, na mafuta ya breki yamevilowesha viatu, navyo vikilowa huteleza. Kile kigurudumu chenye meno, kinachovisogeza viatu kadiri vinavyolika, kilikuwa kimeganda kwa kutu. Waya wenyewe haukuwa umekatika. Ulikuwa mzito tu kwa matope yaliyokauka ndani ya ala yake.

Alibadili viatu vya pande zote mbili, kwani havibadilishwi upande mmoja. Akatia silinda mpya, akatoa upepo katika breki, akalainisha kile kigurudumu na ule waya. Akavisogeza viatu mpaka gurudumu likawa lazunguka kwa mkwaruzo mdogo sana. Mwisho wa yote ndipo alipourekebisha waya. Akatueleza kwamba mwenye kuanza na waya hupata breki ya siku chache. Viatu huweza kugusa ngoma wakati wote, ngoma ikapata moto, na gari likala mafuta bure. Tulipohesabu tena, gari lilishika kwa milio 7. Tukalijaribu kwenye mteremko usio na watu, mguu karibu na breki, na mtu kando ameshika kigingi. Halikusogea. Tukaushusha mkono, magurudumu yakawa huru.

Ndugu zetu, gari letu si peke yake. Barabara za Kahama, Geita na Shinyanga zimejaa magari makuukuu yanayobeba abiria, na mengi husimamishwa kwa jiwe. Jiwe ni msaada, si breki. Tena wako wanaoondoka wakaliacha jiwe katikati ya njia, ilhali Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni tawi la imani. Na wenye magari ya gia za kujiendesha wasiitegemee herufi P peke yake, kwani kinachoshika pale ni kipande kidogo cha chuma ndani ya sanduku la gia. Wavute na breki ya mkono. Usimamapo kwenye mlima, zima injini, tia gia, vuta breki, elekeza magurudumu ukingoni mwa njia, wala usimwache mtoto ndani.

Na vijana nanyi, msione haya kumwambia mzee wenu kwamba breki haishiki. Laiti mmoja wa watoto wetu angalitwambia, na laiti sisi tungalikuwa watu wa kuambiwa!

Tuliporudi Shinyanga tulikwenda kwa wazazi wa yule mtoto, tukawaeleza yote bila kuficha, tukawaomba radhi. Baba yake alinyamaza kitambo kirefu, kisha akauliza, "Sasa inashika?" Tukamwambia, "Inashika." Akasema, "Basi kesho atakuja chuoni." Tangu siku hiyo, kila Ijumaa kabla ya kwenda kuoga, tunauvuta ule mkono na kuhesabu milio.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyapuuza, na atuwafikishe kuzitunza amana zake. Amin.