Amana Iliyokuwa Gizani: Safari ya Kitale na Bungoma

Mtu wa pwani afikapo Kitale hupokewa kwanza na baridi. Mji huo uko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, nasi tuliozoea kulala madirisha wazi tuliomba blanketi la pili usiku wa kwanza. Reli ilifika huko mwaka 1926, na mpaka leo kaunti ya Trans Nzoia ni ghala la mahindi la nchi yetu. Upande wa magharibi umekaa Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, wenye kilele cha mita 4,321, sehemu yake ikiwa Kenya na sehemu Uganda.

Hatukwenda kutembea. Rafiki yetu, tuliyeketi naye mkeka mmoja madrasa hapa pwani tukiwa vijana, kisha akarudi kwao karibu na Chwele, Bungoma, kulima, alikuwa ametangulia mbele ya haki. Miezi michache kabla ya kufariki alituita. Akiwa kitandani, mbele ya mashahidi wawili wa jirani, alitutajia madeni yake yote, anayodai na anayodaiwa. Tuliyaandika kwenye kipakatalishi chetu, au laptopu kama wasemavyo vijana, na sauti yake tukairekodi humo humo. Alitaka isomwe siku ambayo mjane wake, wanawe na ndugu zake wamekutana. Ikawa amana shingoni mwetu, na nakala ilikuwa hiyo moja tu.

Wasomaji wajua kwamba mali ya maiti haigawanywi kabla ya madeni. Hutoka kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wapate mafungu yao, na mjane mwenye watoto fungu lake ni thumuni. Deni likipotea, basi kila fungu linalofuata limekosewa.

Jumatano, tukiwa Kitale, tulikifungua chombo kikafanya kazi vyema. Alhamisi tulipanda matatu, sisi na ahali yetu, tukapita Kiminini, Kamukuywa na Kimilili, mlima ukiwa mkono wa kuume na mvua ikitufuata. Chwele ni mji wa soko, na siku ya gulio kuku na ndizi hujaa mpaka kando ya barabara. Waislamu si wengi huko, lakini Uislamu si mgeni katika magharibi. Tangu karne ya 19 wafanyabiashara Waswahili walifika Mumias kwa Nabongo Mumia, na misikiti ikaenea kutoka hapo. Tulisalimiwa kwa “Mulembe” na kwa “Assalaamu alaykum” nyumba moja baada ya nyingine.

Usiku ule, baada ya Isha, tulibonya kitufe cha kuwashia. Taa ndogo ya pembeni iliwaka na feni ikavuma, lakini skrini ilibaki nyeusi kama kaniki. Tukazima, tukawasha tena. Giza lile lile. Tulimpigia fundi mmoja wa mjini Bungoma, naye akasema tukilete tukiache, huenda Jumatatu akakitazama. Kikao kilikuwa Jumamosi baada ya Adhuhuri, na ndugu wa marehemu aliye dereva wa lori alikuwa anaondoka Jumapili alfajiri. Mashahidi wawili tuliwauliza. Walikumbuka kwamba yalitajwa madeni saba. Waliweza kutaja manne.

Tukiri kwamba usiku huo hatukulala. Tuliswali, tukaomba, kisha tukakaa kujilaumu. Kisa cha bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga kila mtoto wa madrasa anakijua, nasi tumekisimulia mara nyingi mimbarini.

Ahali yetu ndiye aliyetutoa katika hali hiyo. Asubuhi ya Ijumaa alisema, “Sheikh, kwanza tujue kama kimekufa au kimefumba macho tu.” Akabonya kitufe cha herufi kubwa, na kitaa chake kikawaka. Akakibonya tena, kikazima. Chombo kilikuwa macho na kilikuwa kinasikia vidole.

Tuliendelea hatua kwa hatua, na twazitaja hapa kwa faida ya yeyote atakayefikwa na jambo kama hili mbali na mafundi. Tulijaribu tundu jingine la umeme, kwani huenda chaja haipati moto wa kutosha. Tulibonya vitufe vya kuongeza mwangaza, kwa kuwa mara nyingine mtoto huupunguza mpaka mwisho. Kisha tulikizima, tukachomoa chaja, na kukishikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliosalia ndani utoke. Chombo ambacho betri yake hutoka, nayo hutolewa kwanza. Tukawasha. Giza bado.

Hapo binti wa marehemu, aliye kidato cha pili, alileta tochi ya simu. Tulifunga mapazia, akaimulika skrini kwa upande, karibu sana. Ndani ya weusi ule tukaona, hafifu kama maandishi yaliyofutwa ubaoni, picha ya ukurasa wa mwanzo. Basi maandishi yetu yalikuwa salama. Kilichokosekana ni ile taa ya nyuma ya skrini inayoifanya picha ionekane. Mtu akiona hivyo asifungue chombo kwa kisu cha jikoni. Atafute skrini nyingine.

Katika kijiji kile televisheni iliyokuwa na tundu la kebo ya HDMI ilikuwa moja, katika banda la mabati wanapotazamia mpira. Sisi na kanzu yetu tuliingia humo mara tu baada ya Ijumaa, vijana wakatutazama kwa mshangao. Tulimweleza mwenye banda haja yetu. Mjane alikuwa katika eda, miezi minne na siku kumi, na hatukupenda kumtoa nyumbani kwake. Tena madeni ya marehemu si jambo la kusomwa bandani. Kijana yule si Muislamu. Alisema, “Mzee huyo alinisaidia karo,” na Jumamosi asubuhi akaileta televisheni juu ya pikipiki, imefungwa blanketi, pamoja na kebo yake. Fedha alizikataa.

Tuliunganisha. Binti akamulika tochi, akabonya kitufe cha Windows pamoja na herufi P, akachagua picha ionekane kwenye skrini ya pili, nayo ikatokea kubwa, sebuleni. Ndugu waliketi upande mmoja, na mjane pamoja na wanawake chumba cha pili, mlango ukiwa wazi.

Orodha ilisomeka yote. Madeni manne yalikuwa kama walivyosema mashahidi. La tano lilikuwa la mbolea dukani, na la sita magunia ya mahindi ya jirani. La saba tuliacha sauti yake mwenyewe ilitaje. Alisema kwamba mkewe aliuza ng'ombe aliyepewa na babake, akamkopesha shilingi 45,000 za mbegu, naye hakuwahi kumlipa. Alisema, “Atanyamaza huyu. Msimwache anyamaze.”

Chumba cha pili palikuwa kimya, kisha tukasikia kilio. Mjane alikuwa hajamwambia mtu yeyote, hata wanawe. Mmoja wa ndugu aliuliza kwa upole kama mke anaweza kumdai mumewe. Tulimjibu kwamba mali ya mke ni yake, na alichomkopesha mume ni deni kama deni jingine, hulipwa kabla ya mafungu, wala halihesabiwi ndani ya thumuni yake. Mashahidi walisema sasa wamekumbuka. Wote waliridhia, na siku ile ile tukayaandika madeni yote saba kwa kalamu, kila upande ukapewa karatasi yake.

Tuliporudi Kitale fundi alifungua chombo akatuonyesha waya mwembamba unaopita katika bawaba ya kifuniko. Ulikuwa umelegea, huenda kwa mitikiso ya njia. Aliukaza, mwangaza ukarudi kabla chai yetu haijapoa.

Tangu hapo maandishi ya amana huyaweka mahali patatu: katika chombo, katika kidude cha kuhifadhia kinachokaa nyumbani, na katika karatasi iliyotiwa sahihi. Aya ya deni katika Suratul Baqara ndiyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, nayo yatuamuru kuandika na kushuhudisha. Nasi twawaambia akina mama wanaotusoma: ulichomkopesha mumeo, hata kama mwapendana, kiandikwe na apatikane wa kukishuhudia. Yule wa Chwele alikaribia kupoteza haki yake kwa sababu ya waya mmoja, na kwa sababu ya kunyamaza kwake na kuzembea kwetu. Mwenyezi Mungu amrehemu mumewe, na atusamehe sisi.