Manila: nauli inayopita mkono kwa mkono

Wengi wenu mmetuuliza bombani na kwenye foleni ya posho: "Huko Ufilipino mlikokwenda, watu wanaishije?" Badala ya kumjibu kila mtu njiani, tumeona tuandike hapa, ili familia isome pamoja jioni.

Tulikuwa watu watatu: mwalimu wa shule ya msingi, mama mmoja wa kazi za afya, na kijana wa upande wa michezo. Tulialikwa mafunzo ya siku kumi na mbili huko Manila, mji mkuu wa nchi hiyo. Habari za mafunzo zitakuja siku yake. Leo tunataka kusema habari za asubuhi na jioni tu, yaani namna watu wanavyokwenda kazini na namna wanavyopumzika. Maana nyumba tuliyofikia ilikuwa mbali na mahali pa mafunzo, na kila siku tulipanda magari yale yale wanayopanda wenyeji.

Kwanza wingi wa watu. Manila ni mmoja tu katika miji 16 na manispaa moja ndogo iliyoshikana, hata huwezi kujua umetoka huu ukaingia ule. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta zaidi ya watu milioni 13 katika eneo hilo lote. Sisi tuliozoea kusema kambi imejaa, siku ya kwanza tulinyamaza kabisa.

Gari lisilo na konda

Gari la watu wa kawaida kule linaitwa jipni. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha mwaka 1945, jeshi la Marekani liliacha magari mengi ya jipu katika nchi hiyo. Mafundi wa huko wakayachukua, wakayarefusha nyuma, wakaweka mabenchi mawili yanayotazamana na paa juu yake. Halafu wakayapaka rangi za kila namna, na majina ya watakatifu, ya miji na ya watoto wao. Unaingilia nyuma, tena kwa kuinama. Kituoni yupo mpiga debe, kama wa kwetu kabisa, anayepaza sauti kwamba bado nafasi mbili, hata kama macho yako hayaioni hata moja. Benchi ni la watu tisa, ndivyo anavyosema, na kweli huyo wa tisa anakaa, nusu yake iko hewani.

Ajabu yenyewe ni hii: hakuna konda. Dereva yuko peke yake mbele, anaendesha, anapokea nauli, anahesabu chenji. Basi aliyekaa nyuma kabisa karibu na mlango anamlipaje? Anatoa sarafu zake, anasema "Bayad po", ni kama kusema "nauli hii, tafadhali", na anampa jirani yake. Jirani anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu, mpaka zimfikie dereva. Kama kuna chenji, inarudi njia ile ile mpaka kwa mwenyewe. Na watu hao hawajuani hata kidogo!

Mwezi Oktoba 2023 nauli ya chini ilipanda ikafika peso 13. Sasa mtu akitoa noti ya peso 100, chenji si kidogo, nayo inapita mikononi mwa watu saba au wanane. Siku zote tulizopanda hatukuona hata sarafu moja ikipotelea njiani. Mama wa afya akatunong'oneza: "Kwetu ingefika kweli?" Tukacheka, lakini swali lile lilikaa ndani yetu.

Msidhani ni mji wa malaika. Wenyeji wenyewe walituonya tubebe mikoba mbele, kifuani, kwa sababu ya wezi wa mifukoni. Tuliona familia zinazolala chini ya madaraja ya barabara, na watoto wanaofuta viatu vya abiria ili wapewe chochote. Moshi ni mwingi, na safari ambayo ingekuwa ya nusu saa inaweza kula masaa mawili. Kwa hiyo si kwamba sarafu inafika kwa sababu hakuna wezi. Sisi tunaona inafika kwa sababu kila mmoja anaiona inavyopita, na kila mmoja anajua kwamba kesho yeye ndiye atakayekaa mlangoni na kuitegemea mikono ya wengine.

Maneno madogo

Lile neno "po" ni la heshima. Wanalitia katika maneno wanapozungumza na mtu mzima au mtu wasiyemjua. Ni kama shikamoo, ila haiishii kwenye salamu, inatembea na mazungumzo yote. Mwanamume anayekuzidi kidogo unamwita "kuya", yaani kaka, na mwanamke unamwita "ate", yaani dada, hata kama ni muuza duka tu. Hapo tulijiona nyumbani.

Lakini siku moja tulishtuka. Abiria mmoja alimwita dereva, jamaa mwenye masharubu yake, "Mama!" Kijana wetu nusura aanguke kwa kicheko. Tukaelezwa kwamba katika Kitagalogi neno hilo, likitamkwa kwa namna yake, ni la kumwita mwanamume usiyemjua. Na asante kwao ni "salamat", neno lililofika kwao likitoka katika Kiarabu, mzizi ule ule wa salama yetu. Meza kwao ni "mesa", kwa kuwa walitawaliwa na Wahispania zaidi ya miaka 300, na sisi tuliipata meza yetu kwa Wareno. Watu wa mbali, kumbe maneno ni ndugu.

Kuna pia treni zinazopita juu ya barabara. Ya kwanza ilianza mwaka 1984. Nyingine inafuata barabara kuu ya EDSA, ambako mwaka 1986 watu walijaa siku nne mpaka rais Marcos akakimbia nchi. Asubuhi foleni ya treni hiyo inashuka ngazi na kufika barabarani. Lakini sehemu ya mbele ya treni imetengwa kwa wanawake, wazee, walemavu na wenye watoto. Mama wa afya alipanda huko, sisi wanaume tukabanwa nyuma kama dagaa.

Dereva na meza ya simu

Jioni moja tulikaa mbele pembeni ya dereva, naye alijua Kiingereza cha kutosha. Anaanza kazi saa kumi alfajiri. Gari si lake. Kila siku lazima apeleke hesabu kwa tajiri na kununua mafuta, kinachobaki ndicho chake. Tena ana hofu. Mwaka 2017 serikali ilianzisha mpango wa kuondoa jipni za zamani na kuleta mabasi madogo mapya, na moja linapita peso milioni 2. Madereva waligoma mwezi Machi 2023. Yeye alituambia, "Hewa safi naitaka na mimi, nina watoto. Lakini milioni mbili nitazitoa wapi?"

Tukamuuliza habari za mama watoto. Akasema yuko Saudia, anafanya kazi za nyumbani, mwaka wa sita sasa. Si yeye peke yake. Hesabu ya serikali ya mwaka 2023 ilionyesha Wafilipino zaidi ya milioni 2 wanaofanya kazi nchi za nje, na wengi wao ni wanawake. Wanatuma pesa, na wanatuma pia maboksi makubwa yenye sabuni, vyakula vya kopo, nguo na kandambili, ambayo yanasafiri kwa meli na kufika baada ya wiki nyingi.

Halafu akatuambia jambo ambalo tumelibeba mpaka hapa. Jumapili saa mbili usiku, ambayo Saudia ni saa tisa mchana, wanaweka simu mezani, mahali pa mama, na sahani yake mbele. Wanakula, na mama anawasikia wakila. Wakati mwingine hakuna la kusema, lakini hawakati simu. Binti yao mdogo alimzoea mama yake kwa njia hiyo.

Tulinyamaza. Ndugu wasomaji, ni nyumba ngapi hapa kambini zina mtu aliye mbali? Yupo aliyepelekwa Marekani, yupo aliyebaki nyumbani, yupo ambaye tunajua sauti yake tu. Vocha ni ghali na mtandao unasumbua, hilo tunalijua. Lakini tuliona kwamba si lazima simu iwe ya shida tu, ya kuomba na kulia. Inaweza kuwa ya kukaa pamoja, hata dakika tano, watoto wote wakiwepo.

Kupumzika bila pesa nyingi

Jumapili tulikwenda bustani ya Rizal, ambayo wenyeji wanaiita Luneta. Kuingia ni bure. Familia zinatandika mikeka kwenye majani, zinafungua wali kutoka nyumbani, bibi analala, watoto wanakimbia. Wachuuzi wanapita na ndizi zilizokaangwa kwa sukari na kuchomwa kijiti. Asubuhi mitaani hupita muuza "taho", yaani maharage ya soya laini kama uji mzito, yenye sukari iliyoyeyushwa, na sauti yake inaamsha mtaa mzima.

Bustani ina jina la José Rizal, daktari na mwandishi. Wahispania walimpiga risasi mahali hapo tarehe 30 Desemba 1896. Kabla ya hapo walimhamisha kwa nguvu mpaka Dapitan, mbali sana kusini, akakaa huko miaka minne, tangu 1892 hadi 1896. Alifanya nini miaka hiyo? Alifundisha watoto, alitibu wagonjwa, na alisaidia kuleta maji mjini. Mwalimu wetu alisimama mbele ya mnara wake muda mrefu. Akasema, "Huyu naye alikuwa anasubiri, lakini hakusubiri mikono mitupu."

Jioni watu wanakaa kwenye ukuta mfupi wa ghuba ya Manila kutazama jua linavyozama. Wafanyakazi wa maofisi, wauza samaki, wachumba, wote wametazama upande mmoja. Na vichochoroni kila mahali kuna kikapu cha mpira kimepigwa misumari kwenye nguzo, vijana wanacheza na kandambili zao. Kijana wetu aliingia, hakuna aliyemuuliza ni wa wapi, wakampa mpira.

Na hakuna aliyetuuliza kibali cha kutembea. Hilo, kwa kweli, lilituuma kidogo. Ufilipino nayo imewahi kuwa na wakimbizi. Mwaka 1949 Warusi wapatao 6,000 waliokimbia China walipokelewa katika kisiwa cha Tubabao, wakaishi kwenye mahema. Baadaye Wavietnamu wengi walipitia kambi ya Bataan. Siku hizi wakimbizi wachache walioko huko wanaishi mijini, wanapanda jipni kama watu wengine. Kutoa nauli na kupokea chenji ni jambo dogo, lakini mtu anayekupa sarafu zake uzipitishe amekuhesabu kuwa mmoja wao.

Sisi hatuwezi kubadili habari za vibali. Lakini foleni ni yetu, bomba ni letu, na jirani tusiyemjua yuko hapo hapo ubavuni. Ndoo ya mzee inaweza kusogezwa na mikono ya wengine bila mtu kuruka zamu. Jioni ya Jumapili mkeka unaweza kutandikwa nje hata kama chakula ni ugali na maharage ya posho.

Tangu tuwasimulie watoto, huku kwenye zoni yetu wamezua mchezo. Wanapanga matofali safu mbili, mmoja anakaa mbele na kushika sahani kama usukani, wengine wanapitisha vijiwe wakisema "Bayad po!" Juzi kajiwe kamoja kalipotea. Dereva, mtoto wa miaka saba, akasimamisha gari na kusema haliondoki mpaka kapatikane. Wote wakashuka, wakakatafuta mavumbini, kakapatikana, gari likaondoka.

Familia nyingine zenye habari za safari, tuleteeni tuandike. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.