Nilitupa kidude kidogo, nusura mathe apoteze mkono

Wengi wenu mnanijua kwa video za kufungua redio na spika hapa Kayole. Leo hakuna video. Kuna kitu nimekificha karibu mwaka mzima, na kimenichosha.

Nilipoacha kampasi mwaka wa pili juu ya karo, nilipata kibarua kiwanda fulani Industrial Area, nikimsaidia fundi wa stima. Huko ndiko nilikutana na PLC, kompyuta ngumu ya kuendesha mashine. Zilianzia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa viwanda vya magari. Siku hizi ziko kila mahali, hata kwa mashine za kufunga unga unaonunua dukani.

PLC ina pande mbili. Inputi ni macho yake: sensa zinaiambia kama mfuko umefika. Autiputi ni mikono: inafungua valvu, inawasha mota. Sensa nyingi za DC zina waya tatu. Kahawia ni plus, mara nyingi volti 24, bluu ni sifuri, nyeusi inabeba habari. Halafu kuna PNP na NPN. Ukichanganya hizo mbili, taa ya sensa itawaka vizuri lakini PLC haitaona kitu. Nilishika hayo yote kwa wiki mbili nikaanza kujiita injinia.

Siku moja valvu ya hewa ya mashine ya kubana mifuko iliungua. Nikaibadilisha peke yangu. Plagi ya ile ya zamani ilikuwa na diodi ndani. Sikujua kazi yake, nikaitupa pamoja na valvu. Mashine ikapiga kazi fiti, nikasifiwa.

Shida ni hii. Koili ya valvu ni kama mkokoteni uliojaa mitungi ya maji ukishuka mteremko: ukishika kasi hausimami ghafla. PLC ikikata umeme, koili inarusha pigo la kurudi, linaweza kupita volti mia, kwa muda mfupi sana. Diodi inalipa hilo pigo mahali pa kuzunguka mpaka liishe. Bila diodi, linaigonga transista ya autiputi. Yangu ilivumilia wiki tatu.

Transista ikifa hivyo, mara nyingi inabaki imewaka. Programu ilisema zima, mashine ikashuka kubana. Mathe mmoja alikuwa ametoa mkono sekunde hiyo hiyo. Akapiga kitufe chekundu cha dharura. Wapi! Kitufe kilikuwa kimeunganishwa kwa inputi tu, yaani kilimwomba PLC azime, na mkono wa PLC ulikuwa umekufa ukiwa umeshika. Fundi alikimbia akazima swichi kuu.

Akauliza, "Nani aliguza hii valvu?" Nikanyamaza. Kijana mwenzangu, aliyekuwa zamu siku hiyo, akaambiwa asirudi kesho.

Kwa hivyo wewe unayefanya hizi kazi, shika haya. Koili ya DC, weka diodi, upande wenye mstari uelekee plus. Koili ya AC usiweke diodi, tumia varista. Autiputi ziwe na fyuzi, na mzigo mkubwa upitie rilei. Waya za sensa zisilale pamoja na za mota. Na kitufe cha dharura kikate chenyewe umeme wa autiputi, kisingoje ruhusa ya programu.

Diodi kama ile, bei yake Luthuli Avenue haifiki hata nauli ya matatu. Sikuitupa kwa ubaya, sikujua tu. Lakini kunyamaza, hapo nilijua vizuri kabisa.

Jana nilimpigia yule kijana nikamwambia ukweli. Alinyamaza, akasema, "Sawa," akakata simu. Leo natafuta namba ya fundi.