Kinamchukua Nani?

Msomaji, watu wengi hukipima chombo kwa ukubwa wake. Mimi nakuomba ukipime kwa swali moja: kinamchukua nani?

Mwaka wa 1929 mjane mmoja, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya ndege mjini Nairobi. Ndege yake ya kwanza, Gipsy Moth, ilijengwa kwa mbao na kitambaa, nayo ilikuwa na viti viwili tu, cha rubani na cha abiria. Zilifuata nyingine, nazo ndogo. Zilichukua barua na watu, zikapita juu ya barabara ambazo masika yalizigeuza matope. Lakini katika siku zile za ukoloni waliopanda walikuwa hasa masetla na maofisa. Mwananchi aliyekwenda kwa miguu alipata mngurumo na kivuli tu.

Vita vilipozuka mwaka wa 1939 serikali ilizitwaa ndege hizo, na kampuni ikafa. Jina lilisalia: mwaka wa 1962 kiwanja cha Nairobi Magharibi kiliitwa Wilson, kwa heshima ya mama huyo.

Kiwanja hicho ndicho kituo cha madaktari warukao, ambao huduma yao ilianza mwaka wa 1957. Ndege zao ndogo hushuka penye viwanja vya udongo, ambapo ndege kubwa haiwezi kutua, zikampakia mgonjwa hata akiwa mchunga ngamia.

Udogo wa ndege haukubadilika. Aliyebadilika ni abiria. Basi, kijana, elimu yako nayo ni chombo. Usiulize ni kubwa kiasi gani. Uliza itamchukua nani.