Kiswahili Kwenye Bahasha ya Maombi

Mwaka 1964 Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa ametoka Makerere, alikwenda Chuo Kikuu cha Leeds kuendelea na masomo ya fasihi. Huko aliandika A Grain of Wheat, akaanza utafiti kuhusu fasihi ya Karibea, kisha akarudi Kenya bila kuichukua shahada yenyewe. Mwaka huohuo, huko Marekani, TOEFL ilifanywa kwa mara ya kwanza: mtihani wa kupima Kiingereza cha wageni wanaotaka kusoma vyuo vya huko. Mambo hayo mawili hayakuhusiana. Lakini kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka kusomea fasihi ng'ambo katika miongo iliyofuata aliyakuta yote mawili mlangoni. Kulikuwa na mtu wa kwao aliyekwisha kupita, na kulikuwa na karatasi ya kumuuliza kama Kiingereza anakijua kweli.

Mwandishi wa makala haya alifika kwenye mlango huo mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiwa na shahada ya kwanza ya fasihi kutoka Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kazi ya ualimu wa sekondari. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya tatu, baada ya Kihehe cha nyumbani na Kiswahili cha kila mahali. Tangu kidato cha kwanza masomo yake karibu yote, kuanzia jiografia na baiolojia hadi Shakespeare, aliyasoma kwa Kiingereza. Tasnifu yake aliiandika kwa Kiingereza. Bado alitakiwa alipe ada ya mtihani kwa dola, akakae mbele ya kompyuta, athibitishe kwamba lugha aliyofundishiwa anaielewa.

Vijana wa sasa, wanaopakia faili usiku na kupata papo hapo jibu kwamba maombi yamefika, ni vigumu kuwaeleza kazi ilivyokuwa. Transkripti ililazimika kutoka ofisi ya msajili ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Barua tatu za wahadhiri nazo zilifungwa, kila moja ikiwa na sahihi na mhuri juu ya mkunjo wa bahasha, ili mtu wa idara ya mbali ajue haikufunguliwa njiani. Mhadhiri akisafiri, maombi yalisubiri. Mhuri ukikauka wino, mwombaji alirudi kesho. Halafu vyote vilikusanywa kwenye bahasha moja kubwa ya kaki na kupelekwa posta, au kwa kampuni ya vifurushi ambayo gharama yake ilikula sehemu kubwa ya mshahara wa mwalimu. Kwa kuwa vyuo vingi vya Marekani hufunga kupokea maombi ya uzamivu kati ya Desemba na mwanzoni mwa Januari, barua iliyochelewa wiki moja ilimaanisha mwaka mzima wa kungoja.

Mtihani uliomsumbua kuliko TOEFL ulikuwa GRE ya somo la fasihi ya Kiingereza, ambayo idara nyingi kubwa ziliidai. Ilikuwa na maswali ya kuchagua yapatayo 230, ya kujibiwa kwa saa 2 na dakika 50. Ulipewa kifungu kisicho na jina, useme ni cha nani au cha zama zipi. Watungaji walieleza wazi mgawanyo wake: fasihi ya Uingereza hadi mwaka 1660 ilichukua asilimia 25 hadi 30, na ya kuanzia hapo hadi 1925 asilimia 25 hadi 35. Fasihi ya dunia baada ya 1925 iliwekwa fungu moja na ya Uingereza na Marekani ya kipindi hicho, na fungu hilo lote halikuzidi asilimia 30. Achebe, Soyinka, Ngũgĩ, Bessie Head na wengineo wote walibanana humo. Mtu angeweza kuijua riwaya ya Afrika vizuri kuliko yeyote ndani ya chumba cha mtihani, asipate alama ya maana kwa ujuzi huo.

Ndiyo maana ushauri uliozunguka mabwenini ulikuwa mmoja: jifanye mtu wa Chaucer na Milton. Kiswahili kiache nyumbani. Katika maelezo ya nia ya masomo, lugha hiyo ilitajwa kwenye sentensi ya mwisho, kwa sauti ya kuomba radhi, au haikutajwa kabisa.

Mhadhiri mmoja mzee wa Mlimani hakuukubali ushauri huo. Mwandishi alimpelekea rasimu yake ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa." Akasoma kurasa zote bila kuinua macho. "Humu Kezilahabi yuko wapi?"

"Nilifikiri hawatamjua, Mwalimu."

"Basi watamjulia kwako. Milton wanaye tayari. Nenda kaandike upya."

Mzee yule alikuwa na hoja. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe aliyetunga Rosa Mistika, alikuwa amepata uzamivu wake Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, mwaka 1985, kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Ebrahim Hussein, mwandishi wa Kinjeketile, alikuwa amefanya uzamivu wake Berlin Mashariki katika miaka ya 1970, akichunguza maendeleo ya tamthilia Afrika Mashariki. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar alipata wake Leipzig. Hakuna kati yao aliyefika huko kwa kujifanya mtu mwingine. Njia ilikuwapo muda wote, ila haikuandikwa kwenye fomu.

Mwandishi alirudi akaandika upya. Makala ya mfano aliyoambatisha ilihusu Nagona na Mzingile, riwaya za Kezilahabi, na vifungu alivitafsiri mwenyewe. Idara iliyomchukua ilikuwa ya fasihi linganishi, si ya Kiingereza. Huko alikuta kwamba kila mwanafunzi wa uzamivu hutakiwa kuthibitisha kuwa anasoma lugha nyingine zaidi ya Kiingereza, na wenzake wengi walihangaika na kamusi kutimiza sharti ambalo yeye alilitimiza siku ya kwanza.

Mabadiliko makubwa yalikuja baadaye. Idara nyingi za Kiingereza zilianza kuiondoa GRE katika masharti yao, na janga la UVIKO-19 likaharakisha jambo hilo. Aprili 2021 GRE ya fasihi ilifanywa kwa mara ya mwisho, ikafutwa moja kwa moja. Oktoba ya mwaka huohuo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata uzamivu wake Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Miaka miwili kabla yake Simon Gikandi, aliyeanzia Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa rais wa MLA, chama kikubwa cha wasomi wa lugha na fasihi nchini Marekani. Leo mwombaji anayetoka Mombasa au Songea akiandika kwamba anataka kuchunguza Bahari ya Hindi kwa Kiswahili na Kiingereza pamoja, kamati ya udahili haimshangai.

TOEFL yenyewe imebadilika sura mara nyingi. Wazee waliofanya ya karatasi wanakumbuka 600, waliofuata kwa kompyuta wanakumbuka 250, na wa intaneti, iliyoanza mwaka 2005, wakaitaja 100: alama tatu tofauti kwa kiwango kilekile. Mtihani wa intaneti ulileta sehemu ya kuzungumza. Kwa miaka mingi mtahiniwa alivaa vipokea sauti, akapewa sekunde 15 za kufikiri, kisha sekunde 45 za kujibu mbele ya maikrofoni, huku majirani zake chumbani wakipaza sauti kwa wakati mmoja. Kwa mtu aliyelelewa kusalimia kwanza, kuulizia hali, ndipo aingie kwenye hoja, sekunde 45 ziliisha akiwa bado mlangoni.

Dhuluma iliyobaki ni kule kudaiwa uthibitisho wa Kiingereza, na haifai kufunikwa. Orodha ya serikali ya Uingereza ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi uthibitisho wa Kiingereza katika viza ya masomo inazo Jamaika na Malta. Kenya, Tanzania, Uganda na Nigeria hazimo, ingawa vyuo vyao vikuu hufundisha kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Dodoma hulipa zaidi ya laki tano kuthibitisha jambo ambalo cheti chake tayari kinalisema, na alama za TOEFL hudumu miaka miwili tu.

Vijana wanaomjia mwandishi siku hizi kwa ushauri huambiwa mambo ambayo zamani hakuna aliyeyajua. Vyuo kadhaa vya Marekani humsamehe TOEFL aliyesomea shahada yake kwa Kiingereza. Barua ya msajili yaweza kutosha, lakini lazima uulize mapema. Ada ya maombi nayo husamehewa kwa wanaoomba. Programu nyingi za uzamivu huko hupokea mtu mwenye shahada ya kwanza tu na kumlipia masomo pamoja na posho, ilhali mwanafunzi wa uzamili mara nyingi hujilipia mwenyewe. Na kuna mpango wa Fulbright ambao umekuwa ukiwapeleka Watanzania na Wakenya kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo.

Kwa wahadhiri wetu kuna ombi moja. Barua inayosema mwanafunzi ni mwadilifu na alihudhuria vipindi humwangusha mwombaji mbele ya kamati inayosoma kurasa mbili za sifa kwa kila mshindani wake. Andikeni aliwahi kusema nini darasani, aliandika nini, hoja yake ipi iliwafanya mfikiri tena. Na ninyi mnaoomba mwaka huu, anzeni Juni, mkitaje Kiswahili katika aya ya kwanza.