Triko za njia ya Walikale

Kashebere, mashariki mwa Kongo, iko mahali eneo la Masisi linapokutana na la Walikale. Anayetoka Goma kwa pikipiki hupita Sake, Masisi na Nyabiondo, na njiani kuna milima inayozidi mita 2,000. Huko motari, dereva wa pikipiki, havai triko, yaani sweta, kwa urembo. Mwandishi wa kumbukumbu hii alianza kukusanya sweta za zamani akiwa kijana, siku za soko, belo la mitumba linapofunguliwa na watu wakainamia rundo.

Raha ilianzia kwenye lebo. Sweta iliyoandikwa Ujerumani Magharibi ilikuwa na umri unaojulikana, maana nchi hiyo iliungana na ya Mashariki Oktoba 1990. Lebo ikiwa imekatwa, alichomoa uzi mmoja na kuuchoma: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika vidoleni, akriliki huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu.

Mwaka baada ya mwaka, punje zikazidi majivu. Akriliki, iliyoanza kuuzwa na DuPont ya Marekani mwaka 1950, ni rahisi na nondo hawaili, lakini haihifadhi joto kama sufu. Biashara ya mitumba nayo ikabadilika: mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na nguo zikaanza kuvushwa kwa siri kutoka Goma kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda.

Kero iliyomuuma zaidi ilikuwa nyingine. Sweta nzuri ya sufu, yenye mafundo ya kusokotana kifuani, ilinunuliwa na mama aliyeifumua yote palepale ili amfumie mtoto kofia na koti. Mwandishi alisikitika, ila hakuweza kumlaumu: mtoto alikuwa na haki zaidi ya ule uzi kuliko kabati la mkusanyaji.

Kisha vikaja vita. Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, na Machi wakafika Walikale mjini. Anayekimbia habebi mkusanyiko; huvaa triko moja, ile nzito kuliko zote, na nyingine huziacha.

Wewe mwenye sweta ya baba au ya bibi sandukuni, usiikate lebo yake. Ianike juani mara kwa mara, ikung'ute mayai ya nondo, na uandike mahali iliponunuliwa na aliyeivaa.